Mustari iko fupi, tuiache fupi



Tangu juma mbili komite ya buletini yetu inabishana juu ya shairi moja, na habari imetoka inje ikabadilika njiani. Ku refektwari nilisikia wengine wanasema kama shairi imekataliwa juu inagusa mambo ya mashimo ya zahabu. Wengine wanasema ni juu mwenye kuitunga angali mu darasa ya chini. Hapana. Shairi imesimamishwa juu ya silabe tatu. Mustari yake ya mwisho iko na mizani 5, na mistari ingine yote iko na 8. Kanuni ya komite inasema: shairi ya kupimwa, ipimwe mupaka mwisho. Basi wenzangu wengi wanataka tuirudishe kwa mwenyewe, aongeze kile kinakosekana, kisha tuichape.

Mimi pia niko mu komite ile, na mafikiri yangu iko tofauti. Naona silabe zile tatu hazikosekani. Nimeomba nafasi niseme hapa juu gani, maana bishano hii inapita shairi moja: inagusa namna sisi wote tunachambua mashairi mu darasa, zaidi sisi wafinaliste tunaongojea Examen d'Etat. Mwenye shairi amekubali niiweke mbele yenu bila jina yake. Ni hii:

Baba yetu alitoka
Na jembe aliishika
Akasema: nitafika
Na pesa yenu ya shule.

Tulihesabu masiku
Mama halali usiku
Anauzisha tu kuku
Macho paka njia ile.

Watu walirudi tano
Wakatupa tu mukono
Hawakutoa maneno
Jembe njo ile.

Tuanze na hesabu, maana hapo hatubishani. Kila ubeti iko na mistari 4. Mistari 3 ya kwanza inaisha na sauti moja: ka, ka, ka, kisha ku, ku, ku, kisha no, no, no. Mustari ya ine haifuate zile. Yenyewe inaisha na le, na ile le inapita mu beti zote tatu kama uzi mu shanga. Hii ni muundo ya utenzi. Watu wa pwani wanaitumia tangu zamani: Utendi wa Tambuka ulitungwa ku kisiwa cha Pate mu mwaka 1728, na mu 1858 Mwana Kupona, mama aliyekuwa mugonjwa, alitumia muundo ile ile kumuachia binti yake maagizo. Muundo hii haikuwa mapambo tu. Watu walikuwa wanasikiliza utenzi bila karatasi mukononi, na kina kile kinachorudi kilikuwa kinaambia masikio yao: hapa ubeti inaisha, sasa inakuja ingine. Mudogo wetu alisoma muundo ile mu kitabu moja ya maktaba yetu, hakuna mwalimu aliyemufundisha. Tumupigie mikono kwanza juu ya ile.

Sasa mutu moja wa komite (tunapendana, hatakasirika) alisema kama hesabu yote haina maana, juu shairi imeandikwa na Kiswahili ya kuharibika, Kiswahili ya huku kwetu, na Kiswahili ile haipimwe. Neno hii nataka niijibu polepole, maana naisikia kila siku, hata kwa watu wakubwa.

Watu wa pwani wanaandika mtu, sisi tunasema mutu. Ukiangalia na macho, unaona neno moja fupi na ingine ndefu. Lakini sikiliza mudomo. Mutu wa Mombasa anasema m-tu: ile m inasimama peke yake, inachukua pigo yake yenyewe. Ni silabe mbili. Mutu wa Bukavu anasema mu-tu. Ni silabe mbili. Wao wanaandika nchi, n-chi, mbili. Sisi tunasema i-nchi, mbili. Wao wako na n-ne, sisi i-ne. Wao wako na m-bwa, sisi i-mbwa. Mu shairi yetu hapa juu, mukono iko na silabe tatu. Weka mkono ya kitabu mahali pake, utahesabu tena tatu. Unaona? Pale pwani wanafunga midomo, sisi tunatia sauti ya a-e-i-o-u, lakini pigo ni ile ile. Tunaweza kutembea mu njia ya utenzi na viatu vyetu wenyewe.

Si kila mahali, nakubali. Neno njo ni silabe moja, na ndiyo ni silabe mbili. Hapo Kiswahili yetu inapunguza kweli, na mutungaji anapaswa kuchagua akijua. Na neno paka! Mu komite tulicheka sana pale, juu mutu kutoka mbali atasoma kuku mu mustari ya tatu, paka mu mustari ya ine, na atafikiri mama anachunga wanyama. Kwetu paka ni «tu», ni «peke yake»: macho haina kazi ingine, inaangalia njia ile. Mimi naipenda pale, hata na hatari yake.

Nimesema hesabu hatubishani. Bishano inaanza kisha hesabu, na hapa nageukia wenzangu wafinaliste.

Somo tunaita «explication de texte» tunaijua wote. Mwalimu anaandika shairi ya Kifaransa ku tablo, tunatafuta kama mistari ni ya silabe 12, tunakata katikati na kalamu, 6 na 6, tunaangalia e ya mwisho wa neno: mbele ya konsonanti inahesabiwa, mbele ya vokali haihesabiwe, ku mwisho wa mustari haihesabiwe. Kisha vina: zinafuatana mbili mbili, ao zinapishana, ao ya inje inakumbatia ya ndani. Kisha mapambo ya lugha: tukiona neno «comme», mikono 20 inapanda: comparaison! Tukiona neno moja inarudi ku mwanzo wa mistari: anaphore! Mwalimu anasema vizuri, tunaandika mu kaye, kengele inalia.

Sizarau kazi ile. Mu Examen d'Etat maswali iko ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa, na mutu asiyejua jina ya pambo atapoteza pointi, mapendo yake kwa mashairi haitamusaidia kitu. Lakini angalia ile inatokea mu vichwa yetu. Tunajifunza kama kupata jina ni mwisho wa kazi. Ni sawa na muganga anayesema «hii ni malaria» akafunga mulango. Jina iko sawa, na mugonjwa anabaki na homa yake.

Swali inayobaki, ile tunaruka kila mara, ni hii: pambo ile inafanya kazi gani hapa? Kama ningeiondoa, ningepoteza nini? Kwa shairi ya mudogo wetu, tujaribu kuuliza vile.

Tushike kwanza ile le ya mistari ya mwisho. Ubeti ya kwanza inaisha na shule. Ya pili inaisha na ile, ya tatu tena na ile. Komite imelaumu: neno moja imetumiwa mara mbili kama kina, ni umaskini. Hapo nakubali nusu, wakubwa wa mashairi hawapendi kina kirudi na neno lile lile. Lakini ile ni neno gani? Ni neno ya kuonyesha kitu kiko mbali. Kitu kiko karibu tunasema hii. Basi angalia safari ya kina: inaanza ku shule, ahadi ambayo baba aliiacha, inapita ku njia ile, mbali, mama anaangalia, inafika ku jembe ile. Na jembe imeisha kurudi nyumbani! Iko pale, labda ku ukuta ya nyumba, unaweza kuigusa. Mutoto angeweza kusema «jembe njo hii». Anasema ile. Anaisukuma mbali na yeye. Nilimuuliza kama alichagua kwa kusudi, akasema hapana, ilikuja vile. Hakuna shida. Kazi inafanyika hata kama mutungaji hakuipanga na rula.

Tena, jembe yenyewe. Inaonekana mara mbili, ku ubeti ya kwanza na ku ya tatu. Mara ya kwanza iko mu mukono ya mutu: aliishika. Mara ya mwisho haina mukono. Mukono unatajwa, ndiyo, lakini ni mukono ya watu wengine wanaokuja kupana mukono vile tunafanya ku kilio. Ku darasa tungesema: metonimi, chombo inasimama mahali pa mwenye chombo. Vizuri, pointi moja. Lakini uzito haiko mu jina metonimi. Uzito ni kama shairi yote haina neno kufa, haina maiti, haina machozi. Hapa Kivu kila mutu anasoma na anafahamu. Mu Septemba 2020, mvula ilijaza mashimo ya zahabu ku Kamituga na watu wengi walikufia ndani. Kila mwaka kuna habari ya shimo ingine. Sisi tunajua jembe inarudi namna gani bila mwenyewe.

Kuna tena neno baba. Ni neno ya kwanza kabisa ya shairi. Tafuta mara ya pili: hakuna. Mu ubeti ya kwanza anashika, anasema, tunasikia sauti yake mwenyewe: nitafika. Mu ubeti ya pili kuna sisi na mama. Mu ya tatu kuna watu tano. Yeye ametoka mu nyumba na ametoka mu sarufi pia.

Rafiki yangu moja anasema kama sauti u ya ubeti ya pili, masiku, usiku, kuku, ni sauti ya huzuni. Siamini sana. Kuku inaisha na u tangu tumezaliwa na hakuna mutu analia juu ya jina yake. Tusipakize vokali muzigo ambayo haiwezi kubeba. Mustari ya «Mama halali usiku», kwangu ni ya kawaida, tumeisikia mu nyimbo mingi. Kama komite ilitaka kurudisha mustari moja, ningekubali kurudisha ile.

Lakini komite inarudisha ya mwisho, ile ndiyo nzuri kuliko zote.

Mwenzangu moja wa komite alitengeneza, kwa wema, mustari ya kuweka mahali pake. Ni hii: «Jembe ya baba njo ile.» Hesabu: je-mbe-ya-ba-ba-njo-i-le. Munane. Kina iko pale. Kanuni imetimizwa, hakuna neno ya kulaumu. Sasa soma ubeti yote na mustari ile ya kutengenezwa, kwa sauti. Kisha soma na ile ya mutoto.

Mustari ya kutengenezwa inatuambia jembe ni ya nani. Nani hakujua? Inarudisha baba mu shairi, yeye ambaye shairi ilifanya kazi ya kumuondoa polepole. Na inaziba shimo. Maana mustari inayotangulia inasema: Hawakutoa maneno. Watu wale hawakusema, na shairi yenyewe, mara moja, inakosa maneno. Masikio yetu imezoezwa mara 11 kupokea mapigo 8. Mara ya 12 inapokea 5, na ile 3 inayobaki inapita kimya. Hazikupotea. Ukisoma vizuri utazingoja, na mu kungoja kule ndiyo unafahamu.

Watu wa korali wanajua jambo hii kuliko sisi wa vitabu. Mukubwa wa korali akipiga mukono hewani na hakuna mutu anaimba, ile haina maana wimbo imekosea. Ni kimya iliyoandikwa. Anaihesabu sawa na sauti, na mutu wa bass anayeingia mbele ya wakati anapigiwa macho.

Ni korali tena inayoonyesha kama hesabu ya kweli inaweza kuharibu neno. Nyimbo zetu mingi zilitoka Ulaya na Marekani na sauti zake zimeisha kupimwa: ku vitabu vingine kuna hesabu juu ya wimbo, 8.6.8.6 ao 8.7.8.7. Watafsiri walitafuta maneno ya Kiswahili yanayoenea mu hesabu ile, na wakapata. Lakini Kiswahili inakaza silabe ya pili kutoka mwisho: BWA-na, u-PE-ndo. Na mingi ya sauti zile inakaza ya mwisho kabisa. Basi tunaimba bwa-NA, u-pe-NDO, na kwa mazoea hatusikii tena. Hesabu iko 8 kwa 8, na neno imevunjika shingo. Yule anayesema «mizani imetimia, shairi ni sawa» anapaswa kwanza kujibu juu ya ile.

Sasa nageukia upande wa pili, maana kuna wenzetu wamefurahi mbele ya wakati. Wanasema: basi tuondoe kanuni yote, kila mutu aandike vile roho inamutuma, silabe 5, 9, 14, bila kina. Wanasema hesabu ni mambo ya wazee. Na wako na mashahidi. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu Tanganyika, aliandika mu 1954 kitabu ya sheria za kutunga mashairi, na kwa watu wengi wa Tanzania sheria zile zilikuwa ukuta. Mu 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi ya Kiswahili bila vina na bila mizani sawa, na bishano ikawaka miaka mingi. Mu 1979 Mulokozi na Kahigi wakaandika kitabu kuonyesha kama ushairi ni pana kuliko vina na mizani. Na hata bila kuvuka ziwa: Mwindo, hadisi kubwa ya Wanyanga wa hapa Kivu, ambayo Candi Rureke aliitoa mu 1956 na ikachapwa mu 1969 kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, haipimwe na vidole. Inasemwa, inaimbwa, watu wanaitikia, maneno inarudi. Nguvu yake inatoka pale.

Yote ile ni kweli, na mimi sitaki kufunga mulango kwa mashairi huru. Mutu atulete moja nzuri, nitaitetea na karatasi kama hii. Lakini shairi ya mudogo wetu haiko huru. Hapo ndipo marafiki wale wananisaidia vibaya. Mustari ya mizani 5 inatugonga juu kuna 11 ya mizani 8 mbele yake. Fanya mistari yote iwe ya urefu wowote, kisha weka «Jembe njo ile» ku mwisho: itapita kama zingine. Hakuna mutu atasikia kitu imekatika, maana hakuna kitu kilikuwa kinashikana. Mutoto huyu alishika kanuni kwa bidii, mustari kwa mustari, na akaiachilia mara moja, pale jembe ilianguka. Kanuni ndiyo ilimupa nguvu ya kuivunja.

Na kama komite inataka mufano wenye heshima kuliko wa mwanafunzi, tuko shule ya Kiprotestanti, kila mutu iko na Biblia mu sanduku. Fungua Maombolezo, uhesabu mistari. Mulango ya 1: 22. Ya 2: 22. Ya 3: 66, ni 22 mara tatu. Ya 4: 22. Alfabeti ya Kiebrania iko na herufi 22, na mu milango zile ine mistari inafuata alfabeti, ya kwanza inaanza na herufi ya kwanza, inaenda mupaka ya mwisho. Mu mulango ya 3 kila herufi inachukua mistari tatu. Tafsiri zetu haziwezi kuonyesha ile, lakini hesabu imebaki. Kisha fika mulango ya 5. Mistari ni 22 tena, hesabu iko pale, lakini alfabeti imetoweka. Yule aliyelilia Yerusalema alishika alfabeti milango ine, na mu ya tano, ambayo ni maombi ya watu waliochoka, hakuishika tena. Wenye elimu wanatoa sababu mbalimbali. Mimi nasoma na nasikia mutu ambaye mpango wake umemwishia mukononi. Hakuna komite iliyomurudishia kazi ile.

Kwa hiyo naomba vitu viwili, vyote vidogo. Kwa komite: tuongeze mu kanuni maneno haya, «mustari ikikosa hesabu, tuulize kwanza inafanya nini». Kuna mistari inayokosa juu mutungaji hakuhesabu, na zile turudishe bila huruma. Juma ile ile tulipokea shairi ingine juu ya mwalimu, iko na 8, 9, 7, 10, na hakuna hata moja iliyofanya kitu kwa makosa yake. Kuitofautisha na hii si kazi nguvu. Soma kwa sauti mara mbili.

Kwa wafinaliste, na nawaomba walimu wetu wa Kifaransa watuvumilie: tukiandika mu kaye «anaphore, mustari 3», tuandike chini yake mustari ingine moja inayoanza na neno «juu». Juu inatuchelewesha. Juu inarudisha jina ya mutu ambaye mutungaji hataki kumuacha. Juu haifanyi kitu hapa, ni pambo tu. Hata jibu ile ya mwisho ni jibu. Na mara moja kwa mwezi tuchukue shairi ya Kiswahili, ya kwetu ao ya pwani, tuifanyie kazi ile ile. Kwa maswali ya Examen d'Etat haitatupunguzia pointi hata moja: metafora ni metafora, mu Kifaransa na mu Kiswahili.

Komite inakutana siku ya ijumaa kisha masomo. Mwenye mafikiri ingine aandike, hata kunipinga, aweke karatasi mu kisanduku ku mulango ya maktaba mbele ya alhamisi magaribi, tutasoma zote. Mimi nitapiga kura shairi ichapwe vile iko, na mizani yake 5, na nafasi nyeupe chini yake.

Kapita wa wanafunzi,
darasa ya ine Pedagojia